Pete Iliyokatwa

Kasiani Apolinari alikuwa ameshaipasua pete ya pili ya ekseli kwa tindo, na shafti ya kushoto ameilaza juu ya gunia, aliposikia mtu anakuja mbio uchochoroni. Akainua kichwa. Alikuwa Mzee Mwinjuma, mwenye gari.

Mzee Mwinjuma hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa na miaka sitini na ushei, Mzaramo wa Mtoni tangu enzi za mababu, na mwendo wake siku zote ulikuwa wa taratibu: kanzu imenyooka, bakora mkononi, salamu kwa kila mlango. Siku ile hakuwa na bakora wala hakumsalimu mtu.

"Rudisha," alisema akihema. "Kasiani, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

"Shikamoo, Mzee. Nirudishe nini?"

"Beringi za zamani. Zirudishe zilezile."

Kasiani alidhani hakusikia vizuri. Beringi za zamani zilikuwa ndani ya karai la mafuta ya taa, zimeliwa, gololi zake zimechubuka. Kwa miezi minane pikapu ile ilikuwa ikinguruma nyuma kama kinu cha kusaga. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliopita, vipuri madukani vimebaki majina, na mzee alihangaika huku na huku mpaka mpwa wake baharia akamletea beringi mbili mpya za ekseli ya nyuma na pete zake mbili, zimeviringishwa kwenye karatasi ya grisi. Zilifika Jumatatu. Mzee mwenyewe ndiye aliyezileta, akiwa amezipakata kifuani kama mtoto mchanga.

"Mwinshehe katoka kwangu sasa hivi," alisema Mzee Mwinjuma. Mwinshehe alikuwa mjumbe wao wa nyumba kumi. "Magari yanakusanywa kesho asubuhi, uwanja wa shule, Temeke. Yanakwenda vitani. La kwangu limo kwenye orodha."

Vita vilikuwa na wiki ya tatu. Nduli alikuwa ameingia Kagera, redio zilikuwa zinalia nyimbo za mapambano toka alfajiri mpaka usiku, na vijana wa mgambo walikuwa wanakimbia mchakamchaka barabara ya Kilwa wakiwa na bunduki za mbao. Kila mtu alijua magari yanachukuliwa. Hakuna aliyejua kama yatarudi.

"Mwinshehe kasema gari bovu linaachwa kwa mwenyewe," mzee aliendelea, sauti ameishusha. "Wakilisikia linavyonguruma, hawalitaki. Wakishaondoka, Jumamosi utatia hizi mpya. Siku tatu tu, Kasiani."

Kasiani alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, ili apate muda wa kufikiri. Pikapu ilikuwa mbele yake, imeinuliwa kwa jeki na magogo, nyuma haina magurudumu. Ilikuwa Pijo ya mwaka hamsini na tisa, rangi yake ya kijivu imepauka mpaka bati linaonekana. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alimuuzia Mzee Mwinjuma mwaka wa Uhuru, alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Gari hilo ndilo lililobeba mihogo, nazi, mkaa, wagonjwa, maiti na maharusi wa Mtoni kwa miaka kumi na saba. Ndilo lililomsomesha Mwanaasha, binti wa pekee wa mzee.

"Pete nimeshazikata zote mbili," Kasiani alisema.

"Si zipo mpya?"

"Zipo mbili tu. Nikizipiga leo na beringi mbovu, Jumamosi itabidi nizikate tena. Hizi hazivuliwi nzima, Mzee. Na za kurudishia hatutakuwa nazo."

"Basi ziunge hizo za zamani."

Kasiani aliitazama shafti. Katika Pijo ile, gurudumu la nyuma lilikuwa halina kitu kingine cha kulishika zaidi ya pete. Beringi huvikwa kwenye shafti, na nyuma ya beringi, upande wa ndani, hupigwa pete ya chuma iliyopashwa moto mpaka ikawa na rangi ya asali. Ikipoa hujibana na shafti kama imezaliwa nayo. Pete ikishika, gurudumu limeshika. Ikiachia, shafti huteleza ikatoka nje na gurudumu lake, kama msumari unavyong'olewa kwenye mbao. Mambo hayo Kasiani aliyajua kama alivyoijua Baba Yetu.

"Pete ya kuunga haibani," alisema.

"Maili nne kwenda, maili nne kurudi. Jamali ataendesha taratibu." Mzee Mwinjuma alimtazama usoni. "Mwanangu, nimewahi kukuomba kitu?"

Mwaka sitini na saba Kasiani alifika Mtoni kutoka Newala na furushi la nguo na miguu mitupu, Mmakonde, Mkristo, hana ndugu wala jirani. Mzee Mwinjuma alimpa pembe ya kiwanja chake, akamwambia jenga banda, na tangu siku ile hajamtajia kodi. Mtoto wa kwanza wa Kasiani alipokufa kwa surua, ni pikapu hii iliyompeleka makaburini, na ni mzee huyu Mwislamu aliyekaa siku tatu kwenye mkeka wa matanga ya Wakristo.

"Hujawahi, Mzee," Kasiani alisema.

"Basi."

Kasiani akawasha jiko la makaa, akavuta mivukuto. Akaziunga pete mbili zilizopasuka kwa shaba, akazipiga tupa, akazipasha, akazivika kwenye shafti nyuma ya beringi mbovu. Zilikaa. Lakini alipoigonga ya kushoto kwa mpini wa nyundo alisikia mlio ambao haukumpendeza, mlio wa kitu kinachokaa kwa sababu hakijasukumwa. Alisimama nayo muda mrefu. Pete mpya zilikuwa pale kwenye kisanduku, hatua mbili. Angeweza kuzipiga, ziende zikapotee, liwalo na liwe. Akafikiria namna mzee alivyozileta zile beringi kifuani. Akairudisha shafti ndani ya ekseli, akakaza bolti nne za sahani, akarudisha drami ya breki na gurudumu.

Mkewe Yustina alikuwa anapembua mchele kibarazani. Jamali, dereva wa mzee, alipokuja jioni kulijaribu gari, na likapita mbele ya nyumba likinguruma, Yustina aliacha ungo.

"Mbona linalia vilevile? Si umetengeneza?"

Kasiani akamwambia. Hakumficha.

Yustina alitazama chini. "Na vijana walioko huko, watapelekewa chakula na magari ya nani?"

"Gari moja, Yustina."

"Kila mmoja anasema gari moja," alisema, akaendelea kupembua.

Asubuhi uwanja wa shule ulikuwa umejaa malori, pikapu, Landrova na basi moja la kampuni iliyokwisha kufa. Wenye magari walikuwa wamesimama kando ya vyombo vyao, kimya, mfano wa watu waliopeleka ng'ombe mnadani kwa kulazimishwa. Jamali alikuwa kwenye usukani wa Pijo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, Mrufiji wa Ikwiriri, mweusi, mrefu, mwenye mzaha mwingi. Alikuja Mtoni kuwa utingo, akawa dereva wa Mzee Mwinjuma, akajiandikisha darasa la elimu ya watu wazima alilokuwa anafundisha Mwanaasha, akajua kusoma, na alipojua kusoma akamwandikia mwalimu wake barua. Mzee alinuna mwezi mzima, kisha akawaozesha. Huu ulikuwa mwaka wao wa kwanza. Siri ya pete Jamali hakuambiwa. Alijua tu kwamba beringi mpya zitawekwa Jumamosi.

Luteni mmoja kijana, mwenye miwani, alikuwa anapita na daftari. Nyuma yake koplo fundi, mikono imejaa oili. Walipofika kwenye Pijo, koplo akamwamuru Jamali azunguke uwanja. Pikapu ikanguruma. Watu wawili watatu wakacheka. Kasiani alimwona Mzee Mwinjuma akishusha pumzi.

"Beringi za nyuma, Afande," alisema koplo. "Zimekufa."

"Injini?"

"Injini nzima. Giaboksi nzima. Bodi nzima."

"Beringi ni kitu gani? Litatengenezwa Morogoro, kule wana karakana." Luteni akaandika. "Dereva?"

"Mimi, Ndugu Afande," alisema Jamali.

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Kamuage mkeo. Saa nane mchana msafara unaondoka. Mwenye gari atapewa hati."

Ilikwisha hivyo, kwa muda ambao mtu hamalizi sigara. Luteni alikuwa ameshageukia gari jingine. Kasiani alimfuata hatua moja. Mbele yake kulikuwa na mgambo wawili wenye bunduki za kweli, na wiki ile ile redio ilikuwa imesema juu ya wasaliti na wanaohujumu vita, na watakavyofanywa. Akamtazama Mzee Mwinjuma. Mzee alikuwa amekodoa macho, midomo inacheza kama anasoma dua, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika taratibu: usiseme, usiseme.

"Afande," Kasiani alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mie ndiye fundi wa gari hili. Nipe saa tatu. Ninazo beringi mpya nyumbani."

Luteni akageuka. "Unazo mpya?"

"Ninazo."

"Kwa nini hazimo garini?"

Uwanja ulikuwa na kelele nyingi, lakini Kasiani aliona kama umenyamaza wote.

"Zimefika jana, Afande," alidanganya. "Sikuwahi kuzitia."

Luteni alimtazama juu mpaka chini. Pengine alielewa, pengine alikuwa na magari thelathini mengine ya kukagua. "Saa tatu sina. Zilete kabla ya saa nane, ziende na gari. Fundi wa Morogoro atazitia."

Kasiani hakusema habari ya pete. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi.

Alirudi Mtoni kwa baiskeli, akafikia kwenye kisanduku, akachukua beringi na pete mpya na karatasi yake ya grisi, akazifunga kwenye kanga ya Yustina. Njiani kurudi Temeke mnyororo wa baiskeli ukakatika. Aliuunga kwa waya, na alipofika uwanjani palibaki alama za matairi na watoto wanaookota vizibo. Msafara ulikuwa umeondoka mapema. Mwinshehe, mjumbe, alikuwa bado yuko pale amesimama kivulini.

"Wamepita Ubungo," alisema. "Wanaungana na wenzao Kimara."

Kasiani alipiga pedali. Jua la Novemba lilikuwa linachoma utosi, na kuanzia Ubungo barabara inapanda. Alishuka, akasukuma, akapanda, akasukuma. Alipoliona lori la mwisho limeegeshwa pembeni mwa barabara pale Kimara, chini ya mikorosho, shati lilikuwa limeganda mwilini na mate hayapo.

Pijo ilikuwa ya sita katika mstari. Nyuma ilikuwa imejazwa magunia ya unga mpaka juu ya bodi, na juu ya magunia wamekaa mgambo wanane. Springi zilikuwa zimelala. Kasiani aliyaona magunia yale kabla hajamwona Jamali.

Jamali alikuwa anakunywa maji kwenye kibuyu cha mtu. "Fundi! Umekuja kuniaga mpaka huku? Mke wangu mwenyewe kaishia Temeke."

"Njoo huku pembeni."

Wakasogea nyuma ya mkorosho. Kasiani akampa kifurushi. "Hizi beringi. Na pete. Ukifika Morogoro, kabla hujafanya kitu kingine chochote, watie zote mbili. Usikubali kuambiwa kesho."

"Nitawaambia."

"Jamali, nisikilize. Usiende kasi. Kwenye kona punguza. Kwenye mteremko shika gia ndogo. Kila baada ya maili kumi simama, shika gurudumu la kushoto, litikise. Likitoka nje hata unene wa kidole, usiende tena mbele, hata kama wanakupiga."

Mzaha ulimtoka Jamali usoni. "Beringi mbovu hainiogopeshi. Nimeendesha nayo miezi minane."

"Si beringi. Ni pete. Haijashika."

"Kwa nini haijashika?"

"Nilikuwa nimeikata. Nikaiunga."

Jamali alimtazama. Kule barabarani mtu mmoja alikuwa anaita majina. "Wewe ukaunga pete? Wewe, Kasiani?" Kisha Kasiani aliona jinsi mambo yanavyojipanga kichwani mwa Jamali, moja baada ya moja: beringi mpya zilizokaa sandukuni, uwanja, kicheko cha watu. "Ili wasilichukue."

"Ndiyo."

"Baba mkwe anajua?"

Kasiani angeweza kumsingizia au kumtetea. "Anajua," alisema.

Jamali aligeuka akaitazama pikapu na wale vijana juu ya magunia. Mmoja wao alikuwa anamenya muwa. "Nikimwambia Afande sasa hivi, mtafungwa nyote wawili. Labda na zaidi ya kufungwa."

"Mwambie," alisema Kasiani. Na alipolisema alilitaka kweli. "Mwambie, Jamali. Au nitamwambia mwenyewe. Twende."

Alipiga hatua. Jamali akamshika mkono, kwa nguvu.

"Mzee Mwinjuma atafia ndani. Na Mwanaasha atabaki na nani, mie niko vitani? Wewe una watoto wawili." Akapumua. "Morogoro ni maili mia na ishirini. Nitakwenda taratibu. Nitafika."

Filimbi ikapigwa. Jamali akakiweka kifurushi chini ya kiti, akapanda, akawasha. Hakuaga. Pikapu ilipoondoka ilinguruma, na wale mgambo wakashangilia kwa kuwa walidhani ni nguvu.

Kasiani alikaa chini ya mkorosho mpaka jua likapoa. Luteni alikuwa amepita mbele yake kwenye Landrova, karibu kiasi cha kuguswa.

Habari ilikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Mbele kidogo ya Chalinze, kwenye mteremko unaoelekea darajani, gurudumu la kushoto la nyuma lilichomoka na shafti yake. Pikapu ikalala ubavu, ikaburuzika, ikatumbukia korongoni. Mgambo mmoja alikufa palepale, watatu wakavunjika. Jamali alibanwa na usukani. Alikaa hai karibu saa nzima, walisema, kisha akafa.

Mwili wake ulirudishwa Mtoni juu ya lori la jeshi, ndani ya sanduku la mbao mbichi, na mazishi yake yalihudhuriwa na watu ambao hawakumjua. Mwenyekiti wa tawi alisema Jamali ni shujaa aliyekufa njiani kwenda kuilinda nchi. Mzee Mwinjuma alipewa mkono wa pole na kila mkubwa. Alisimama wima katika kanzu yake nyeupe, akaitikia, na Kasiani, aliyekuwa nyuma ya watu wote, hakuona chozi hata moja usoni pake. Aliona tu kwamba mzee alikuwa amevaa viatu visivyofanana.

Walipokutana macho juu ya kaburi, mzee akageuka.

Wiki mbili zilipita. Kasiani alifungua banda, akakaa, hakushika kazi. Yustina alimwekea chakula, akakiondoa. Hakumsuta. Siku moja tu alisema, "Ulikwenda Kimara. Angalau ulikwenda," na Kasiani akamwomba asirudie neno hilo tena.

Kisha Mwanaasha akaja. Alikuwa kwenye eda, kwa hiyo hakupaswa kutoka, lakini alitoka saa saba mchana, amejitanda nguo nyeupe, akavuka uwanja wa baba yake mpaka bandani. Alikataa kigoda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Jana kaja kijana mmoja, yuko na plasta mguuni. Alikuwa kwenye gari. Kaja kunipa pole." Alikuwa anaongea kama anasoma ubaoni, neno kwa neno. "Kaniambia Jamali alikuwa anasimama kila mara. Anashuka, anashika gurudumu la kushoto, anapanda tena. Wenzake wa nyuma wakawa wanampigia honi. Chalinze afande mmoja akamtukana mbele ya watu, akamwambia kama ni mwoga aseme, apewe gari mtu mwingine. Jamali akamjibu, 'Mtu mwingine asiliendeshe hili.' Akapanda mwenyewe." Akashika nguzo ya banda. "Mume wangu hakuwa mwoga, na hakuwa fundi. Nani alimwambia lile gurudumu litatoka?"

Kasiani alikuwa amejiandaa kwa siku kumi na nne, na bado alishikwa kama aliyevamiwa usingizini.

"Mimi," alisema.

Akamwambia yote. Kuhusu tindo, na pete, na shaba, na pete mpya zilizokuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake. Akamwambia habari za Kimara. Alipofika kwenye habari ya Mzee Mwinjuma, alitaka kupita haraka, lakini Mwanaasha akasema, "Rudia hapo," akarudia.

Mkono wa Mwanaasha ulikuwa bado umeshika nguzo ya banda, na Kasiani aliona kucha zake zimekuwa nyeupe.

"Pete mpya zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo mlikuwa mnazitunza," alisema. Aligeuka akarudi ndani, bila kukimbia.

Kilichosemwa baina ya baba na binti hakuna jirani aliyekisikia vizuri. Yustina alisikia kilio kimoja tu, na kilikuwa cha mwanamume. Jioni Mzee Mwinjuma alikuja mpaka mlango wa banda. Alikuwa amezeeka kama mtu aliyeugua mwaka.

"Kwa nini umemwambia?"

"Aliniuliza, Mzee."

"Mimi nilikuwa nimeshaubeba mzigo huu. Ningekwenda nao kaburini. Angekuwa na mume shujaa na baba." Akashika ukuta. "Sasa hana baba."

Kasiani alitaka kumshika mkono, lakini mzee alikuwa ameshaanza kurudi, akipapasa ukuta.

Mwanaasha alimaliza eda yake chumbani, hazungumzi na baba yake ila kwa lazima. Siku aliyotoka eda, alimwita Kasiani barabarani.

"Kesho nakwenda Ikwiriri kwa mama yake Jamali. Nitakaa huko. Utakwenda na mie. Utamwambia kwa mdomo wako. Mie siwezi kulitamka la baba yangu mbele yake, na kunyamaza siwezi."

"Nitakwenda," alisema Kasiani.

Walipanda basi la Rufiji alfajiri, wakafika jua linageuka, nguo na nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Mama yake Jamali aliitwa Mwanabaraka. Nyumba yake ilikuwa katika safu ya nyumba za kijiji cha ujamaa ambacho watu walihamishiwa kutoka bondeni mwaka sabini na tatu, zote zimetazama upande mmoja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkono mmoja umepinda kwa ugonjwa. Alimkumbatia Mwanaasha wakalia. Kisha akawatandikia mkeka, akauliza mgeni huyu ni nani.

Kasiani alipiga magoti. Hakupanga kupiga magoti. Alijikuta yuko chini. Alisema mwanzo mpaka mwisho, akimtazama mama yule kidevuni kwa kuwa machoni hakuweza. Mwanaasha alikuwa amefunika uso kwa kanga. Nje, mtu alikuwa anatwanga, mchi unashuka na kupanda, hausimami.

Alipomaliza, Mwanabaraka hakupiga kelele. Alikaa akiukanda ule mkono wake uliopinda.

"Ulipomwambia," alisema mwisho, "aliogopa?"

"Hapana, mama. Alifikiri. Halafu akatuhurumia."

"Akawahurumia," alisema Mwanabaraka. "Ndivyo alivyokuwa. Tangu mdogo, ukimkosea yeye ndiye anayekuonea huruma. Nilikuwa nikimpiga kwa sababu hiyo, nikimwambia dunia itakula mtu wa namna yako." Akaukanda tena mkono. "Yule mwingine, wa mgambo, aliyekufa palepale. Jina lake nani?"

Kasiani hakulijua. Katika siku zote zile, na kwa jinsi alivyojitesa, hakuwahi kuuliza.

"Nenda kalitafute," alisema mama yule. "Naye ana kwao. Mimi siwezi kukusamehe leo, na sitaki unisubiri niweze. Kaka zake Jamali wako shamba, watarudi alasiri. Wasikukute."

Alimpa maji kwenye kata, kwa kuwa alikuwa mgeni na amesafiri. Kasiani akanywa, akashukuru. Mwanaasha hakuinua uso. Akatoka, akashika njia ya kwenda barabarani, na basi la kurudi halikuwapo mpaka kesho yake, akalala kwenye gulio juu ya meza ya muuza samaki.

Ilimchukua miezi mitano kulipata jina. Alizunguka ofisi za mgambo, akafukuzwa, akarudi, mpaka karani mmoja akachoka naye akamfungulia daftari. Albano Nchimbi, miaka kumi na tisa, kazi kibarua, kwao Peramiho, Songea. Kasiani akauza mivukuto na jeki, akamwachia Mzee Mwinjuma ufunguo wa banda kizingitini bila kubisha hodi, akawahamishia Yustina na watoto Gongo la Mboto kwa binamu yake. Vita vilikuwa vimekwisha na mji ulikuwa unaimba. Siku ya pili ya sherehe, wakati watu wanapanda juu ya malori kwenda kuwapokea askari, yeye alikuwa kituo cha mabasi na furushi la nguo, anaulizia gari la Songea.